Taka za jikoni kwako zinaweza kuwasha taa? Hivi ndivyo inavyofanyika

Machi 2017, mlima wa taka uliporomoka kwenye dampo la Koshe, Addis Ababa, Ethiopia. Zaidi ya watu 110 walifariki, wengi wao wakiwa wakazi wa pembeni mwa dampo hilo.

Agosti 2018, eneo hilohilo ukazinduliwa mtambo wa Reppie, uliojengwa kuchoma hadi tani 1,400 za taka kwa siku na kuzalisha umeme.

Taka zinageukaje umeme?

Si uchawi. Taka zinachomwa kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 850. Joto hilo linachemsha maji, mvuke unasukuma mapanga, na mapanga yanazungusha jenereta.

Moshi lazima uchujwe kwanza, maana plastiki ikiungua hovyo hutoa sumu. Kwa hiyo usidhani kuchoma taka uani kwako ni kitu kilekile!

Mbona kila jiji halina mtambo huo?

Kwanza, bei. Reppie uligharimu takriban dola milioni 120.

Pili, taka zetu ni mbichi. Hebu angalia ndoo yako: maganda ya ndizi, ugali uliobaki, majani ya mboga. Katika miji mingi ya Afrika, zaidi ya nusu ya taka ni za namna hiyo. Zina maji mengi, hivyo joto jingi linaishia kuzikausha tu na umeme unapungua.

Tatu, kuna waokota taka. Chupa zikiishia kwenye tanuri, wao watakula nini?

Kuna njia nyingine

Taka zenye majimaji zinafaa zaidi kwa biogesi. Unaziweka kwenye tangi lisiloingiza hewa, bakteria wanazila na kutoa methani, gesi ya kupikia. Tope linalobaki ni mbolea.

Dampo nalo hutoa gesi hiyohiyo, ila inapotea bure, inachangia kulipasha joto anga na inaweza kushika moto.

Wewe uanzie wapi?

Ndoo mbili tu: moja ya mabaki ya chakula, nyingine ya plastiki, karatasi na vyuma. Lakini gari la taka likija na kuchanganya vyote pamoja, kazi yako imekwenda bure. Hapo ndipo halmashauri inapotakiwa kutimiza wajibu wake.