Hati ya Shamba na Hesabu ya Miaka

Mkulima aliyekodi shamba kwa msimu mmoja haweki samadi. Anajua samadi hurutubisha udongo miaka miwili au mitatu, na nguvu itakayobaki itamnufaisha mwenye shamba au mpangaji mwingine. Atatumia mbolea ya dukani, ambayo faida yake kubwa huonekana msimu uleule, au hataweka chochote. Wapo wanaomwita mzembe. Mimi naona amepiga hesabu vizuri kabisa.

Kutunza udongo ni kazi inayolipa kwa kuchelewa. Chukua matuta ya fanya juu, yanayojulikana sana Machakos, Kenya. Mkulima huchimba mtaro kukingama mteremko, udongo akautupa upande wa juu uwe tuta, kisha hupanda majani ya malisho juu yake lisibomoke. Mvua husogeza udongo hadi kwenye tuta, na msimu baada ya msimu shamba hujisawazisha lenyewe likawa ngazi. Jasho lote hutoka mwanzoni, tena mtaro na tuta hula sehemu ya shamba. Mama anayehofia kwamba mashemeji watamwondoa shambani mumewe akifariki ana sababu gani ya kuchimba?

Hapo ndipo hati inapoingia. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inamruhusu mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na inaipa hakimiliki hiyo hadhi sawa na ile inayotolewa na serikali. Wanasiasa hupenda kusema hati itamfungulia mkulima mlango wa benki, ingawa benki nyingi husita kupokea kishamba cha kijijini kuwa dhamana. Kwangu, siku yenye thamani kuliko zote ni ile ya kuhakiki mipaka, kabla hati haijachapwa. Majirani na wajumbe wa kijiji hutembea shambani, hukubaliana kwamba mpaka unapita kwenye masale haya hadi mnyaa ule, na maneno hayo huandikwa mbele ya wote. Benin, watafiti waligundua kwamba mipaka ilipowekwa tu, hata kabla ya vyeti kutolewa, wakulima walianza kupanda zaidi miti na mazao ya kudumu.

Rwanda ilianza kusajili ardhi katika maeneo machache ya majaribio, kisha kuanzia 2009 ikasajili nchi nzima, zaidi ya vipande vya ardhi milioni 10. Katika maeneo yale ya kwanza, kaya zilizosajiliwa ziliongeza kazi za kuhifadhi udongo takriban mara mbili ya kaya ambazo hazikusajiliwa, na zile zinazoongozwa na wanawake ziliongeza zaidi. Waliokuwa na hofu kubwa ndio waliopata nafuu kubwa. Lakini wanawake walioishi na wenzi wao bila ndoa ya kisheria, majina yao mara nyingi hayakuandikwa, na wengi wao ndio wenye kushika jembe.

Na hati huzeeka. Kenya imekuwa ikisajili mashamba ya watu binafsi tangu miaka ya 1950. Babu alifariki, wanawe wakagawana shamba kwa mdomo, wajukuu wakagawana tena, na hati iliyomo sandukuni bado ina jina la babu. Kufuatilia mirathi kunataka ada na safari za mahakamani, kwa hiyo familia huahirisha. Mjukuu anayelima kipande chake ana wasiwasi uleule wa mtu asiye na hati, na mteremko wake unamomonyoka vilevile.

Kwa sababu hiyo, wilaya inayojivunia idadi ya hati ilizogawa ningeiuliza maswali mengine. Masjala ya ardhi ya kijiji hufunguliwa siku gani? Nani anaingiza mirathi na mauzo kwenye daftari? Na mjane mwenye ekari mbili, ada ya kubadilisha jina ataimudu?