Niagara-on-the-Lake: Mji Ulionusurika kwa Kukosa Biashara

Ng'ambo ya pili ya Ziwa Ontario, mkabala na jiji la Toronto, pale Mto Niagara unapoingia ziwani, upo mji mdogo wa Niagara-on-the-Lake, ambao huhesabiwa miongoni mwa miji ya kale iliyohifadhiwa vizuri kuliko mingine nchini Kanada. Kwa kuwa barabara haina budi kuizunguka ncha ya magharibi ya ziwa kupitia Hamilton, safari ya kutoka Toronto huwa ya kilomita 130 hivi, ingawa hewa inapokuwa safi minara ya jiji huonekana kwa macho kutoka ufukweni mwa mji huo. Wasafiri wengi huupita wakielekea kwenye maporomoko ya maji yaliyo kilomita 20 hivi upande wa kusini, na hapo hupoteza nafasi ya kuona mahali ambapo historia ya Toronto yenyewe ilianzia.

Mwaka 1792 John Graves Simcoe, gavana wa kwanza wa Kanada ya Juu, yaani jimbo lililokuja kuitwa Ontario, aliufanya mji huo makao makuu akauita Newark. Wakazi wake walikuwa zaidi walowezi waliosalia watiifu kwa mfalme wa Uingereza wakati makoloni ya Marekani yalipojitwalia uhuru, wakavuka mto na kuanza maisha upya. Baraza la kwanza la kutunga sheria la jimbo lilikutana hapo mwezi Septemba mwaka huohuo. Hata hivyo, Marekani ilikuwa ng'ambo ya mto tu, umbali ambao mzinga ungeumaliza bila taabu, na kwa sababu hiyo serikali ilihamishiwa York, kijiji cha upande wa kaskazini wa ziwa ambacho mwaka 1834 kilipewa jina la Toronto.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Katika vita vilivyoanza mwaka 1812 baina ya Marekani na Uingereza, majeshi ya Marekani yaliuteka mji, na tarehe 10 Desemba 1813, yalipokuwa yakirudi nyuma, Jenerali George McClure aliamuru uchomwe moto. Wakazi walipewa saa chache tu kutoa vyombo vyao, kisha wakaachwa katika baridi kali huku karibu kila nyumba ikiteketea. Mgeni na alitambue jambo hili mapema: majengo anayoyaona si ya enzi ya Simcoe, bali yalijengwa baada ya moto, mengi yakiwa ya nusu ya kwanza ya karne ya 19.

Linalobaki kuelezwa ni kwa nini nyumba hizo hazikubomolewa baadaye, kama zilivyobomolewa nyingi za Toronto. Jibu halina utukufu wowote. Mwaka 1829 ulifunguliwa Mfereji wa Welland, njia ya maji iliyochimbwa ili meli zipite kati ya Ziwa Ontario na Ziwa Erie bila kuzuiwa na maporomoko, na mfereji huo uliuacha mji kando. Biashara ikahamia St. Catharines, na katika miaka ya 1860 makao ya wilaya na mahakama yakaifuata huko. Mji usio na fedha hauna sababu ya kubomoa nyumba ili kujenga ghorofa. Msomaji wa pwani atakumbuka Lamu, iliyofifia baada ya bandari ya Mombasa kuunganishwa na bara kwa reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896, na ambayo mitaa yake iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, hasa kwa sababu haikuwa imeguswa sana.

Ufukara pekee, hata hivyo, huishia kwenye magofu, maana paa linalovuja lataka mtu wa kuliziba. Janet Carnochan, mwalimu aliyeongoza chama cha historia cha mji huo tangu mwaka 1895, alisimamia ujenzi wa ukumbi uliofunguliwa mwaka 1907, jengo la kwanza Ontario kujengwa mahsusi liwe makumbusho. Mwaka 1962 lilianzishwa tamasha la tamthilia za George Bernard Shaw ndani ya jengo la mahakama la miaka ya 1840, ambalo lilikwisha kupoteza kazi yake ya awali. Tamasha hilo likaleta watazamaji, na nyuma ya watazamaji zikaja fedha. Leo katikati ya mji ni eneo la hifadhi kwa mujibu wa sheria ya urithi ya Ontario, na mwenye nyumba hawezi kubadili sura yake ya nje kwa hiari yake tu, bali huomba kibali, kama ilivyo katika Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Nyumba nyingi zina umbo sawia, mlango katikati na madirisha yaliyolingana pande zote mbili, kuta za matofali au za mbao nyembamba zilizopandana, na juu ya mlango kidirisha cha nusu duara ambacho vipande vyake vya kioo vimetandazwa kama upepeo. Katika mtaa wa Queen, duka la dawa lililofungwa mwaka 1964 lilifunguliwa tena mwaka 1971 likiwa makumbusho, na ndani yake zimebaki kaunta za mbao nyeusi za mjozi, droo ndogondogo na safu za chupa za dawa. Maduka mengi ya jirani sasa huuza aiskrimu na zawadi za wageni, hali ambayo wapenzi wa historia huivumilia kwa shida.

Uhifadhi huo, lakini, umeegemea upande mmoja. Mwezi Machi 1793, kijijini Queenston, Chloe Cooley, mwanamke mtumwa, alifungwa kamba na kuvushwa mto kwa nguvu akauzwe, na kilio chake kikafikishwa mbele ya Simcoe. Mwezi Julai baraza lililokutana Newark likapitisha sheria iliyokataza kuingiza watumwa wapya. Lakini kwa kuwa baadhi ya wajumbe walimiliki watumwa, waliokuwapo hawakuachiwa, na watoto ambao wangezaliwa nao walipaswa kungoja hadi wafikishe miaka 25. Mwaka 1837 mamia ya watu weusi wa mji huo waliizingira jela kuzuia Solomon Moseby, mtoro kutoka Kentucky, asirudishwe utumwani. Moseby aliponyoka, bali wawili wa waliomtetea, Herbert Holmes na Jacob Green, waliuawa. Jela hiyo haipo tena, na makaburi ya jumuiya hiyo katika mtaa wa Mississauga hayamvuti mpita njia kwa urahisi. Anayetaka kuyaona aondoke mtaa wa Queen, tena aende siku ya kazi katika majira ya kuchipua, kwani wakati wa kiangazi magari hujaa hadi njia za pembeni.