Taa ya Baiskeli Isimpofushe Mwenzako

Usiku uingiapo, njia ya miguu huwa ya wote. Hupita askari aendaye lindoni, mama aliyebeba mtoto mgongoni, mzee mwenye mkongojo, na mchukuzi aliyepakia mikungu ya matoke juu ya baiskeli ili awahi soko la alfajiri. Kila mmoja wao ana haki ya kufika salama.

Zamani baiskeli nyingi zilitumia dinamo iliyosuguana na gurudumu. Nguvu yake ilikuwa wati 3 tu kwa taa ya mbele na ya nyuma pamoja, na baiskeli iliposimama taa ilizimika. Siku hizi zimeenea taa za LED ambazo, kwa betri ndogo, hutoa mwanga mkali mno. Taa hizo ni msaada mkubwa, lakini zikielekezwa vibaya huleta hatari.

Sababu imo katika jicho lenyewe. Jicho huhitaji kiasi cha nusu saa gizani ili lizoee kuona vema. Kila askari aliyepata kulinda zamu ya usiku analijua jambo hili. Mwali mkali ukilipiga ghafla, mazoea hayo hupotea papo hapo, wala hayarudi upesi. Mwenye baiskeli amekwisha kwenda zake, lakini aliyeachwa nyuma haoni mtaro wala jiwe lililo mbele yake. Kwa wazee hali hiyo hukawia zaidi kupona.

Katika Ujerumani, sheria huamuru taa ya mbele isiwaumize macho wengine. Kwa miaka mingi sheria hiyo ilitoa kipimo ambacho kila nyumba yaweza kukitumia: katika umbali wa mita 5, kitovu cha mwanga kisizidi nusu ya kimo cha taa. Basi, simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani, uwashe taa. Ikiwa taa iko sentimita 80 kutoka chini, kitovu cha mwanga kiangukie sentimita 40 au chini yake. Kisha kaza skrubu barabara, kwa maana mashimo ya njiani huilegeza.

Tena, usiifunge taa kali kwenye paji la uso, kwa kuwa kila umtazamaye utampiga machoni. Mwanga wa kumetameta nao husumbua; afadhali utulie. Ukikutana na mtu, punguza mwendo, piga kengele, umsalimu. Taa ya nyuma iwe nyekundu daima.

Lakini mtu asifanye haya kuwa kisingizio cha kwenda bila taa, kwani kutoonekana kabisa ni hatari kubwa zaidi. Baba na mama, fanyeni kipimo hiki jioni ya leo pamoja na watoto wenu. Gharama yake ni dakika chache tu, na faida yake ni usalama wa jirani.