Je, ni halali kulipia viungo vya tovuti?

Mkristo anapohama Uvira kwenda kuishi Baraka, au anapovuka mpaka wa Kavimvira kwenda Bujumbura, mchungaji wake humwandikia barua ya utambulisho. Kanisa linalompokea halimjui, lakini linamwamini aliyeandika. Barua hiyo ina nguvu kwa sababu haiuzwi. Siku ikijulikana kwamba mchungaji fulani anaiandika kwa dola kumi, barua zake zote zitakosa thamani, hata zile za kweli.

Tunaanza na barua hiyo kwa sababu inafanana na jambo ambalo makutaniko yenye tovuti hukutana nalo siku hizi. Ujumbe unaingia kutoka kwa mtu msiyemjua: tutawapa dola kadhaa, ninyi muweke katika makala yenu moja kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye tovuti yetu. Wengine huja na biashara ya upande wa pili: tulipeni, nasi tutawatafutia tovuti nyingi za kuwaelekezea wasomaji. Je, hayo ni matangazo halali au ni udanganyifu?

Kazi mbili za kiungo

Kiungo, au linki kama vijana wetu wanavyosema, ni maneno unayobonyeza ili ufike ukurasa mwingine. Hiyo ni kazi yake inayoonekana. Kuna ya pili isiyoonekana. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google huko Marekani mwaka 1998, walijenga hesabu yao juu ya wazo hili: ukurasa unaoelekezewa na kurasa nyingi zinazoaminika huenda ni mzuri kuliko ule usioelekezewa na yeyote. Hivyo kila kiungo kinahesabiwa kama ushuhuda. Leo Google inaangalia mambo mengine mengi, lakini ushuhuda huo bado una uzito.

Ndiyo maana unanunuliwa. Anayewaandikia mara nyingi hawahitaji wasomaji wenu wa Sange au Makobola. Anachohitaji ni jina jema la kanisa, ili tovuti yake ipande juu mtu anapotafuta kitu kwa simu. Na si ajabu kukuta kwamba tovuti hiyo ni ya michezo ya kubahatisha, ile ile tunayowaonya vijana wetu kila Jumapili.

Tangazo si sawa na ushuhuda

Si kila malipo ni kosa. Redio zetu husoma komunike za msiba, za mkutano wa injili, za duka jipya. Anayeipeleka analipa, na msikilizaji anajua kwamba imelipiwa. Hakuna aliyedanganywa, na mtenda kazi amepata ujira wake. Lakini tunaijua pia coupage: mwandishi wa habari anapewa bahasha ili amsifu mtu, na msikilizaji anadhani amesikia habari. Katika yote mawili pesa imetoka mfukoni, ila kwenye coupage imefichwa.

Kwa viungo ni vivyo hivyo. Tangu mwaka 2005 kuna alama ambayo fundi wa tovuti huiweka ndani ya kiungo ili kuiambia Google isikihesabu kama ushuhuda, na mwaka 2019 Google iliongeza nyingine mahususi kwa viungo vilivyolipiwa. Msomaji bado anaweza kubonyeza na kufika. Kiungo cha kulipiwa chenye alama hiyo kinakubalika. Kisicho nayo, kilichonunuliwa ili kupandisha tovuti, kinavunja kanuni za Google, na tovuti inaweza kushushwa chini. Mwaka 2011 jambo hilo lilifika kwa J.C. Penney, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, baada ya gazeti la New York Times kufichua viungo vyake. Mwaka 2012 Google ilishusha hata ukurasa wa programu yake yenyewe, Chrome, kwa sababu ya viungo vya kulipiwa.

Mtu atasema: hizo ni kanuni za kampuni ya ng'ambo, si sheria ya Mungu. Ni kweli. Lakini Mithali 11:1 inatufundisha kwamba Bwana huchukizwa na mizani ya hila, na kiungo kilichonunuliwa kwa siri ni kidole kilichowekwa juu ya mizani. Anayepunjwa ni mama wa Kiliba anayetafuta dawa ya mtoto na kuonyeshwa kwanza aliyelipa.

Tufanye nini?

Tunajua kwamba intaneti ni ghali na sadaka ni ndogo. Kanisa linaweza kupokea matangazo, lakini kwa masharti. Liandikwe wazi neno TANGAZO. Fundi aweke alama. Kamati ijue nani amelipa na kiasi gani, na pesa iingie katika daftari la kanisa. Bidhaa yenyewe iwe ile ambayo mchungaji angeweza kuitaja madhabahuni bila aibu. Anayelipa akikataa alama, mmekwisha kujua alichokuja kununua.

Kwa wanaotaka kuonekana, njia ya kweli ipo. Ombeni jimbo lenu, shule, hospitali na makanisa ndugu ya Bujumbura mnaoshirikiana nao wawaelekezee. Andikeni yale ambayo watu wanayatafuta: saa za ibada, mahali mlipo, namba ya simu, kwa Kiswahili na, mkiweza, kwa Kifuliiru, Kivira au Kibembe. Tena lipieni jina la tovuti kila mwaka kabla muda haujaisha. Jina likiachwa, wapo wanaolinunua kwa sababu ya viungo vyake vya zamani, na anwani ya kanisa inageuka kuwa mlango wa kamari.

Kama kutaniko lenu limekwisha kupokea pesa ya namna hii, msijifiche. Kiondoeni kiungo hicho au kiwekeeni alama, kisha waambieni washiriki. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba barua yake ya sifa ni wao wenyewe, inayosomwa na watu wote. Tovuti yetu nayo inasomwa na wote, hata na wasiotujua.