Fahamu: Nani hulipia uzio wa tembo Kasese?

Wakulima wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, kutoka Kasese hadi upande wa Bwera, wana jirani asiyeweza kuitwa kwa mwenyekiti wa kijiji: tembo. Usiku mmoja unamtosha kumaliza shamba la mahindi.

Nani hujenga uzio wa umeme wa kumzuia? Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA), ikisaidiwa na wafadhili kama Space for Giants.

Serikali ya mitaa je? Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inazipa serikali za mitaa zinazopakana na hifadhi asilimia 20 ya viingilio vya watalii, kwa ajili ya miradi ya wananchi.

Wanakijiji wanachangia nini? Zaidi ni nguvu zao: kufyeka nyasi, maana zikigusa waya umeme hupungua makali; kulinda betri na sola dhidi ya wezi; na kuripoti waya uliokatika. Uzio usiotunzwa tembo huung'oa.

Tembo akipenya? Sheria hiyohiyo ilianzisha mpango wa fidia. Toa taarifa mapema, uharibifu ukiwa bado unaonekana.