Kolwezi: Anayetaka kambale aanze kufuga viroboto wa maji

KOLWEZI, LUALABA – Siku ya tatu ndiyo siku ya hukumu. Kifaranga wa kambale, ambaye urefu wake haufiki hata sentimita moja, amemaliza akiba ya kiini aliyotoka nayo kwenye yai. Mpaka jana alikuwa amejibanza na wenzake kwenye kona yenye giza ya beseni, hana haja na mtu. Leo ameanza kuogelea huku na huku akitafuta cha kumeza. Asipokipata, beseni lililokuwa limejaa uhai litakuwa tupu kabla ya wiki kwisha.

Kwa mfugaji, gharama kubwa tayari zimeshalipwa kabla kifaranga wa kwanza hajafungua mdomo. Kambale hazai ovyo bwawani kama tilapia. Porini husubiri mvua na mafuriko. Kwa mfugaji jike huchomwa sindano ya homoni, au dawa iliyotengenezwa kutokana na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa kambale mwingine. Dume huchinjwa, kwa sababu mbegu zake hazikamuliki kwa mkono. Jike la kilo moja lililoiva vizuri linaweza kutoa mayai kama 60,000, na maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 28 yanaanguliwa ndani ya saa 24 hadi 36 hivi. Mji wa Kolwezi uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali. Anayetotolesha miezi hiyo bila kupasha maji moto anajitafutia hasara.

Ufugaji wa samaki si jambo geni katika ukanda huu. Katika miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilikuwa na kituo cha utafiti wa samaki huko Kipopo, karibu na Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Shabaha moja ilikuwa kupata nyama rahisi ya kulisha wafanyakazi wa migodi. Lakini samaki wa enzi hizo alikuwa tilapia, anayejizalia mwenyewe na anayelea wanawe mwenyewe. Kwa kambale, ulezi wote unamwangukia binadamu.

Na ulezi huo unaanza na kosa moja linalorudiwa sana: kuwapa vifaranga chakula cha unga tangu siku ya kwanza. Wanaweza kukimeza, ila hakiwafai. Tumbo la kifaranga wa siku tatu halijakamilika, na itachukua siku kadhaa za kula kabla ya kuweza kumeng'enya protini ya unga inavyotakiwa. Katika siku hizo anahitaji chakula kilicho hai, kinachotembea majini mbele ya macho yake. Kiini cha yai la kuku lililochemshwa na kuchujwa kwa kitambaa huwasaidia wengine kuvuka siku moja mbili, lakini mabaki yake huoza haraka na kuharibu maji.

Vituo vyenye fedha hutumia Artemia, kijidudu cha maji ya chumvi ambacho mayai yake makavu huuzwa kwenye mikebe. Sehemu kubwa ya mayai hayo huvunwa katika Ziwa Kuu la Chumvi, jimbo la Utah, Marekani. Yakiwekwa kwenye maji ya chumvi yenye joto na hewa, baada ya siku moja yanatoa vijidudu vya rangi ya chungwa. Kifaranga aliyeshiba anajulikana kwa macho, maana tumbo lake hugeuka rangi hiyo hiyo. Ubaya ni bei. Mkebe unasafiri mbali hadi ufike Lualaba, na ukishafunguliwa, unyevu kidogo tu unatosha kuua mayai yaliyobaki.

Njia ya mfugaji mdogo ni viroboto wa maji, wale wadogo wanaorukaruka kwenye madimbwi. Huchimbwa kisima kifupi au hutengwa tangi, gunia la samadi ya kuku linaning'inizwa ndani, na maji yanaachwa yageuke kijani. Hapo hupandikizwa viroboto waliochotwa kwenye bwawa la jirani, nao katika wiki moja au mbili huzaana kwa maelfu. Alfajiri huvunwa kwa kitambaa chepesi. Kabla ya kuwapeleka kwa vifaranga, hupitishwa kwenye kipande cha chandarua ili wakubwa wabaki pamoja na wadudu wengine, kwa kuwa kiluwiluwi wa kerengende akiingia kwenye beseni hula vifaranga badala ya kuliwa.

Hadi hapo, maelekezo haya yangefaa Kisumu au Bukavu. Kolwezi ina jambo lake.

Viroboto wa maji ni miongoni mwa viumbe wanaoumizwa upesi sana na shaba. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 2 za shaba katika lita moja ya maji ya kunywa. Kirobotomaji wa jamii ya Daphnia anaweza kufa katika siku mbili kwa kiwango kisichofika miligramu 0.1, hasa maji yakiwa laini, yenye chokaa kidogo. Kwa maneno mengine, maji ambayo kwa upande wa shaba mtu anayanywa bila wasiwasi yanaweza kumaliza chakula cha kambale, na vifaranga wakafuata kwa njaa. Mfugaji anaona viroboto wake hawazaani, anaongeza samadi, anabadilisha gunia, analaumu kuku. Ukweli ni kwamba tatizo liko kwenye maji yenyewe.

Utafiti kuhusu mito ya Luilu na Musonoi, inayopita karibu na migodi ya Kolwezi, uliochapishwa mwaka 2013 na wanasayansi wakiwemo wa Kinshasa na Geneva, ulikuta viwango vikubwa vya shaba na kobalti. Ng'ambo ya mpaka, Februari 2025, bwawa la taka za mgodi lilipasuka Chambishi, Zambia, asidi ikaingia kwenye maji yanayomwagika mto Kafue na samaki wakafa. Huko kila mtu aliona samaki wakielea. Maji yanayoua viroboto peke yao hayampi mtu onyo kama hilo.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Maabara duniani hupima sumu ya maji kwa kuweka Daphnia wachanga ndani yake na kuhesabu baada ya saa 48 wangapi bado wanaogelea. Mfugaji anaweza kufanya vivyo hivyo kwa glasi mbili: moja ya maji anayotaka kutumia, nyingine ya maji ya mvua aliyoyakinga safi na kuyaongezea kidogo ya yale ya bwawani walikotoka viroboto. Wakifa kwenye ya kwanza tu, ni bora kutafuta chanzo kingine kabla ya kununua homoni. Maji ya bomba yenye klorini nayo huachwa wazi siku moja au mbili kwanza. Chokaa ya shambani hupunguza makali ya shaba, ingawa haitoshi pale ambapo udongo wenyewe una madini. Sehemu iliyo wazi bila miti, iliyojaa Haumaniastrum, yale maua ya shaba yaliyowaongoza watafuta madini wa zamani, si mahali pa kuchimba bwawa la samaki.

Kipimo cha glasi hakisemi lolote kuhusu nyama ya kambale atakayefika sahanini pamoja na bukari. Metali hujikusanya kwenye tope, na kambale ni samaki wa tope. Hilo linahitaji maabara, na mnunuzi ana haki ya kuliuliza.

Maji yakiwa salama, kinachobaki ni kukesha. Vifaranga hulishwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, beseni likiwa limefunikwa nusu kwa kuwa hawapendi mwanga. Mabaki hunyonywa kwa mpira mwembamba. Baada ya siku tano hivi unga huanza kuchanganywa na viroboto kidogo kidogo. Wanaokua haraka hutengwa, la sivyo huanza kuwashika wadogo mkiani na kuwala.

Katika majuma hayo mawili adui mwingine ni umeme. Kolwezi imezungukwa na mabwawa ya Nzilo na Nseke, lakini kukatika kwa umeme ni jambo la kawaida, na pampu ya hewa ikizimika usiku vifaranga hufa kabla ya kupambazuka. Wengi huweka betri pembeni. Karibu na wiki ya pili kifaranga wa kwanza hupanda juu, anavuta hewa kwa mdomo, kisha anarudi chini. Kuanzia hapo, umeme ukikatika, mwenye beseni anaweza kulala.