Gari-nyumba Kubwa na Kambi za Mahema

Kambi nyingi za hifadhi za taifa nchini Marekani zilichorwa miaka ya 1930, enzi za magari madogo na mahema ya turubai. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea, E. P. Meinecke, alikuwa ameona jinsi magurudumu yanavyoshindilia udongo na kuua mizizi ya miti. Mwaka 1932 akapendekeza barabara nyembamba za mzunguko, za kwenda upande mmoja tu, na kila familia ipewe nafasi yake ya kuegesha iliyozuiwa kwa mawe na magogo. Leo kwenye kona hizo hizo hufika gari-nyumba la hata mita 13, lenye jiko, choo na kitanda. Likikata kona, gurudumu la nyuma hupanda ukingo na kukanyaga mizizi ile ile. Likishaegeshwa, jenereta huunguruma hatua chache kutoka kwa aliyelala hemani.

Wenye magari hayo wana hoja nzito: miongoni mwao wamo wazee na wagonjwa wasioweza tena kulala chini, na hifadhi ni mali yao pia. Kuwafungia mlango kungekuwa dhuluma. Lakini haki ya kuingia haimpi mtu haki ya kukatiwa miti ili kona zipanuliwe. Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone imetenga kambi ya Fishing Bridge kwa magari yenye kuta ngumu, ikaweka umeme na bomba la majitaka. Mahema hayaruhusiwi huko kwa sababu ya dubu. Mgawanyo wa namna hiyo unafaa kuigwa kwingine: magari makubwa yapewe eneo lenye huduma kamili, kambi kongwe zibaki na ukomo wa urefu, na ukomo huo utangazwe kabla mtu hajalipia nafasi.